Kazi mpya ni kula na wateja, na tumbo langu halinipi ruhusa

Hujambo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34. Nina mke na mtoto wa miaka minne, na tunaishi Donholm. Kazi yangu ni kuuzia kampuni bima, ofisi yetu iko Upper Hill. Nimesoma safu hii kwa muda mrefu nikijiambia kwamba matatizo ya wenzangu ni ya mapenzi na mashamba, langu ni la choo, nani ataliandika. Lakini nimefika mahali sina mtu mwingine wa kumwuliza.

Miaka mitatu iliyopita nilienda harusi Machakos. Wengi tuliokula pale tuliharisha siku mbili tatu, wenzangu wakapona. Langu mimi halijawahi kurudi kuwa tumbo lile la zamani. Linanyonga, linajaa gesi hadi mshipi haufungi, na haja ikinishika hainipi hata dakika tano. Wiki nyingine nafunga choo siku tatu, kisha ghafla linafunguka. Nimetibiwa amiba mara nne, na homa ya matumbo mara sijui ngapi. Mwaka jana daktari mmoja alinipima damu na choo, akaniuliza maswali mengi, akasema ni IBS, yaani utumbo wenye kuchokozeka. Akaniambia, "Haitakuua. Punguza mawazo, na uchunge unachokula." Nilitoka na maneno hayo tu.

Kilichonifanya niogope mikahawa ni siku moja mwaka juzi. Tulikuwa na mteja mahali pa nyama choma, mimi na bosi. Mhudumu alikuja na birika la maji ya vuguvugu na beseni, tukanawa, mbuzi akaletwa kwenye ubao akakatwakatwa mbele yetu. Nilikuwa na njaa kali, nikala harakaharaka. Robo saa haijaisha, tumbo likanikamata. Kufika chooni, mlango umefungwa. Ufunguo uko kaunta, umefungiwa kwenye kipande cha mti kirefu kama mwiko. Mama wa kaunta alikuwa anahesabu pesa, akaniambia ningoje. Nilingoja nimeshika ukingo wa kaunta, jasho linanitoka, mteja wetu ananitazama kutoka mezani. Nilifika, lakini kwa taabu, na nikakaa humo dakika ishirini. Niliporudi nyama ilikuwa imepoa na mazungumzo yamekwisha. Ndani ya gari bosi akaniuliza kama niko sawa. Nikasema nina vidonda vya tumbo.

Shangazi, uongo huo ndio umekuwa maisha yangu. Vidonda vya tumbo kila mtu anavielewa. Ofisini walinihurumia kweli. Mama wa chai huniwekea kikombe changu cha maziwa ya moto saa nne kila siku, bila kumwomba, na mwenzangu mmoja huniletea juisi ya kabichi ambayo ameisaga mwenyewe nyumbani kwake. Nakunywa vyote. Ningesema nini?

Siku nikijua kuna mkutano wa chakula, sili kitu tangu usiku wa kuamkia. Naondoka nyumbani alfajiri kabla Jogoo Road haijafunga, maana matatu ikishakwama huna pa kushukia. Natafuna chingamu isiyo na sukari, wakati mwingine pakiti nzima, ili njaa isiniume na mdomo usinuke. Nikifika naagiza soda na kusema nimeshakula. Wale marafiki zangu wa Jumamosi walinichoka zamani, wanasema nina mkono wa birika, nakimbia bili. Nimeacha maharagwe, ndengu, chapati, nyama nyekundu, sukuma, mayai, ndizi na sasa samaki. Nimepungua kilo sita.

Mke wangu peke yake ndiye anayejua ukweli. Hatujala nje pamoja tangu mtoto akiwa na mwaka mmoja. Mwezi wa tano tulikuwa tunatimiza miaka sita ya ndoa, akaweka nafasi mahali pazuri kando ya Ngong Road. Asubuhi hiyo nikamwambia siwezi. Akaenda na dada yake. Alirudi na kipande cha samaki kimefungwa kwa foili, akakiweka kwenye friji, hakusema neno.

Sasa, wiki mbili zilizopita bosi aliniita. Msimamizi wa wateja wakubwa anaondoka, na nafasi hiyo ananipa mimi. Mshahara unapanda vizuri. Lakini kazi yenyewe ni mezani: chakula cha mchana na wateja mara tatu kwa wiki, Westlands, Kilimani, na mara nyingine usiku. Nitoe jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mke wangu anasema nikubali na nimwambie bosi ukweli. Mimi naona bosi akisikia habari za choo atajuta kunichagua. Nikikataa bila kutoa sababu, ataona sina hamu ya kazi. Nikikubali na kunyamaza, nitaumbuka mbele ya mteja. Nifanye nini?

Mla Nyumbani, Donholm

* * *

Mpwa wangu Mla Nyumbani,

Sijambo. Asante kwa kuniandikia jambo ambalo umelibeba kimya miaka mitatu. Na wala usidhani uko peke yako. Kila anaposimulia mmoja habari za tumbo, huwa najua kuna wengine kumi wanaosoma wakiwa wamefunga mlango. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye foili ndani ya friji. Nitaparudia.

Kama nimekuelewa, umeniuliza maswali mawili ukayafunga kwa kamba moja: uchukue kazi au uikatae, na umwambie bosi au unyamaze. Lakini kuna la tatu ambalo umelipitia kwa sentensi fupi. Niruhusu nianze nalo.

Kilo sita. Umeziandika mwishoni mwa orodha ya vyakula kana kwamba ni kitu kidogo. Huenda zimeenda kwa sababu huli, na ukihesabu ulivyoviacha, ni nadra sana mtu abaki na mwili. Lakini hilo ni la daktari kusema, si la Shangazi wala lako. Mtu aliyeambiwa ana IBS anapaswa kurudi hospitali akipungua uzito bila kukusudia, akiona damu kwenye choo, akiamshwa usiku na kuharisha, akiwa na homa au upungufu wa damu, au kama katika ukoo wake kuna saratani ya utumbo. Rudi kwa yule aliyekuuliza maswali mengi. Maswali mengi ni dalili kwamba alijua anachofanya, maana hakuna kipimo kimoja kinachoonyesha IBS. Madaktari hufuata vigezo viitwavyo vya Roma, vilivyopitiwa upya mwaka 2016: tumbo liume kwa wastani angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, maumivu yaende pamoja na haja au na mabadiliko ya choo, na yote yawe yalianza miezi sita au zaidi nyuma. Na harusi ya Machakos hukuibuni. Inajulikana kabisa kwamba kwa watu wengine ugonjwa huu huanza baada ya kuharisha kwa maambukizi: vijidudu huondoka, utumbo ukabaki mwepesi kuchokozeka. Safari hii usitoke na sentensi moja. Mwulize kama amepima ugonjwa wa siliaki, ule wa mwili kukataa ngano, na umwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa lishe.

Sasa twende mkahawani.

Wewe unaamini mbuzi yule ndiye aliyekuangusha. Hebu tuhesabu pamoja. Nyama huchukua saa kadhaa kumalizika kutoka tumboni, na kuufikia utumbo mpana ni safari nyingine. Robo saa baada ya kumeza, mbuzi wako alikuwa bado yuko juu kabisa. Kilichotokea ni kitu kingine. Tumbo likijaa, hutuma habari chini kwa utumbo mpana: fanya nafasi, kuna kinachokuja. Sote tuko hivyo. Ndiyo maana mtoto mchanga hunyonya na kunya papo hapo. Kwa mwenye IBS habari ile hufika kama kelele. Na huwa kelele zaidi chakula kikiwa kingi kwa mpigo, kikiwa na mafuta mengi, kikiliwa upesi, na mlaji akiwa na hofu. Mpwa wangu, siku ile vyote vinne vilikaa nawe mezani.

Ndiyo maana kule kushinda njaa kunanitia wasiwasi kuliko nyama yenyewe. Unadhani unaliandaa tumbo, kumbe unalipeleka mezani likiwa limekazwa kama ngoma. Sahani ndogo ya wali asubuhi, au ugali na yai, ingekufikisha saa saba ukiwa mtulivu zaidi kuliko utupu wa tangu jana.

Na kama wa kulaumiwa si chakula cha mwisho, basi itabidi tuangalie vya mapema zaidi. Hapo ndipo huruma ya ofisini inapoingia. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima, mwili hupunguza kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Wapo wanaoendelea nacho maisha yote, kama wengi katika jamii za wafugaji, lakini wengine wetu hatuna cha kutosha, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi sukari hiyo. Sukari isiyosagwa huvuta maji na huchachuka ndani ya utumbo: gesi, kunyongwa, kuharisha. Sisemi maziwa ndiyo adui yako. Nasema umekuwa ukinywa kikombe kizima kila siku saa nne kwa ugonjwa ambao huna, saa tatu tu kabla ya chakula cha mchana, na hujawahi kupata nafasi ya kujua. Juisi ya kabichi mbichi nayo si rafiki wa tumbo lenye gesi. Kisha ile chingamu. Soma nyuma ya pakiti, utakuta sorbitoli au ndugu zake. Ni sukari ambazo utumbo huzinyonya kwa shida, na pakiti nzima yaweza kumharisha hata mtu mwenye tumbo la chuma. Juu ya hayo, anayetafuna mchana kutwa humeza hewa.

Unaona ninakoelekea? Vitu vitatu ambavyo hukuviweka katika orodha ya kuviacha ndivyo ningeanza navyo, na vyote vitatu umeletewa na kule kujificha. Mama wa chai huhitaji kumsimulia maisha yako. Mwambie, "Mama, kuanzia leo niwekee turungi," na umshukuru kwa maziwa ya miaka yote hii, maana alikupa kwa moyo mweupe.

Kuhusu vyakula ulivyoviacha: ukitazama, umetupa vyema pamoja na vibaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ndio walioutengeneza mpango wa kula ambao wataalamu wa lishe huuita FODMAP. Wenyewe unahusu aina fulani za wanga na sukari ambazo hazinyonywi vizuri na huchachuka. Maharagwe na ndengu zimo. Ngano ya chapati na mandazi imo. Embe, tikiti maji na tufaha zimo, maziwa yamo, na juu ya vyote, kitunguu maji na kitunguu saumu. Lakini ugali haumo. Wali, viazi, mayai, samaki, nyama, karoti, spinachi, machungwa, nanasi, hata sukuma yenyewe, havimo. Ulipoumwa baada ya sukuma, huenda ulikuwa ukiumwa na kilichokaangiwa nayo.

Hilo la kitunguu lilinisumbua hadi nikamfuata mpishi ninayemfahamu, mwenye hoteli ya mchana karibu na Gikomba. Nilimkuta alfajiri, macho yamemwiva kwa vitunguu. Alikuwa na sufuria ninayoweza kumwogeshea mtoto ndani yake, vitunguu na nyanya vinachemka kwenye mafuta hadi vimekuwa rojo. Rojo hiyo ndiyo anayochotea kila kitu siku nzima: maharagwe, nyama, kabichi, ndengu. Nikamwuliza, mteja akisema hataki kitunguu unafanya nini? Akanijibu bila kuficha, "Nampa sahani ambayo kitunguu hakionekani." Kisha akafuta mikono kwenye aproni akaongeza, "Lakini akinipigia simu saa tatu, namtengea nyama yake kando kabla sijachota rojo."

Katika jibu lile kuna msaada mwingi kuliko unavyodhani. Kitunguu kilichopikwa ndani ya mchuzi huacha wanga wake kwenye maji ya mchuzi, kwa hiyo kukitoa vipande kwa uma hakusaidii. Kwenye mafuta matupu wanga huo hauyeyuki, ndiyo maana mafuta yaliyokaangiwa kitunguu saumu, kikatolewa kabla maji hayajatiwa, huvumilika kwa wengi. Basi mezani tafuta kisicho na mchuzi: samaki mzima wa kukaangwa, wali mweupe, mbuzi wa kuchoma asiye na mafuta mengi na ugali, viazi vya kuchemsha, kachumbari iachwe sahani nyingine. Ni chakula cha kawaida kabisa. Hakuna mteja wa Westlands atakayeshangaa kumwona mtu akila samaki kwa wali.

Naomba neno moja la tahadhari juu ya mpango huo wa FODMAP, kwa sababu nakuona ukikimbilia kukata zaidi. Sehemu ya kuacha ni ya wiki mbili hadi sita tu. Baada ya hapo chakula kimoja kimoja hurudishwa, kwa vipimo, ili ujue kipi chako na kipi si chako. Wewe umefanya nusu ya kwanza miaka mitatu na nusu ya pili hujaianza. Usiifanye peke yako ukiwa umeshapungua hivyo. Ndiyo maana nimetaja mtaalamu wa lishe.

Dawa zipo pia, nitazipitia tu: ya kutuliza mnyongo, na loperamidi ya kupunguza mwendo wa utumbo, ambayo wengine huibeba kwa siku za safari. Isitumike ukiwa na homa au damu, na kwa kuwa wewe pia hufunga choo, ulizia kwanza. Utafiti uliofanyiwa wagonjwa 463 Uingereza na kuchapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba amitriptilini kwa kipimo kidogo, dawa ya zamani ya sonona, huwapunguzia wengi dalili. Daktari akiitaja usidhani anakuita mwendawazimu. Utumbo una neva zake nyingi na unaongea na ubongo mchana na usiku. Wasiwasi haukuuleta ugonjwa wako, lakini unaukoleza, na hata mshauri nasaha anayejua kazi yake ana nafasi hapa. "Punguza mawazo" ni maneno matupu asipokufundisha mtu namna ya kuyapunguza.

Haya, bosi.

Umesema akisikia atajuta kukuchagua. Je, kuna siku amewahi kusema jambo la namna hiyo, kwako au kwa mwingine? Kwa ninavyosoma, bosi huyu ndiye aliyekuwa mezani siku ile. Alikuona ukiinuka, akakuona ukirudi baada ya dakika ishirini, na ndani ya gari akakuuliza kama uko sawa. Tangu hapo anaamini una tumbo bovu. Na bado amekuita akakupa wateja wakubwa. Anachokijua tayari kina uzito gani kwako? Simjui mtu huyo, wewe unamjua. Lakini yule bosi wa hofu yako na yule aliye kwenye barua yako mimi nawaona kama watu wawili.

Jambo la pili, kusema ukweli si lazima kuwe kusema yote. Unaiona milango miwili tu, kunyamaza au kusimulia choo. Kuna maneno ya katikati: "Lile tumbo nililokuambia, daktari amelichunguza, si vidonda, ni utumbo wenye kuchokozeka. Halinizuii kufanya kazi. Nachagua ninachokula, na mara moja moja nitainuka mezani ghafla. Nikiinuka, endeleeni, nitarudi." Hapo hujataja choo, na ule uongo umeuweka chini bila kuomba msamaha. Akitaka kujua zaidi atauliza, nawe utapima. Na ukiamua jambo hili lifike kwa watu wa rasilimali watu kwa maandishi, ujue Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Hazipaswi kuzungushwa ofisini.

Hatari ipo, sitaki kukudanganya. Huenda akaanza kukuonea huruma hadi akaacha kukutuma. Huenda likapenya mtu akalifanyia mzaha. Ofisi zetu zinajua kucheka. Kunyamaza nako kuna bei, na umeshailipa: kilo, marafiki wa Jumamosi, kikombe cha saa nne. Watu watakutajia ile methali ya mficha maradhi. Mimi siioni ikikuhusu vile wanavyodhani, kwa sababu kwa daktari na kwa mkeo hukuficha. Nani mwingine anastahili kujua ni uamuzi wako peke yako.

Na kazi yenyewe? Hapa kuna kitu nadhani hofu imekufunika usikione. Siku zote umekwenda mikahawani kama mgeni. Mwingine alichagua mahali, mwingine akaagiza kilo mbili, mwingine akapanga saa. Msimamizi wa wateja ndiye mwenyeji. Yeye ndiye anayepiga simu saa tatu. Yeye huchagua mahali anapojua mpishi na anapojua choo kilipo, na kwamba hakifungwi. Yeye husema tukutane saa sita na nusu kabla watu hawajajaa, na hukaa ukingoni karibu na njia. Mikahawa mitatu au minne unayoijua vizuri yaweza kubeba wiki nyingi. Na si kila mteja anataka kula: wapo watakaoshukuru ukiwafuata ofisini kwao saa nne kwa chai, wakaokoa saa nzima ya foleni ya Waiyaki Way.

Lakini kuna wateja watakaosema "leo twende kwangu," na kuna zile za usiku, pombe na mafuta, ambazo huzitawali. Kuna wiki tumbo litakataa hata ukifanya kila kitu sawasawa, kwa sababu ugonjwa huu una misimu yake. Swali la kumwuliza bosi kabla ya kujibu, hata usipotaja tumbo, ni hili: meza tatu kwa wiki ni kanuni, au ni mazoea ya yule anayeondoka? Waweza pia kuomba miezi mitatu ya majaribio. Na ukikataa kwa sababu mwili wako unahitaji mwaka wa kutulia kwanza, hilo nalo ni jibu la mtu mzima. Ningependa tu kazi ikataliwe na wewe, si na ufunguo uliofungiwa kwenye kipande cha mti.

Nimeahidi kurudi kwenye friji.

Mkeo amekula nyumbani miaka mitatu bila kuumwa tumbo. Aliweka nafasi, akavaa, akaenda na dada yake, na akiwa huko akakukumbuka akakufungia samaki. Hakusema neno, nawe hukumwuliza, au kama ulimwuliza hukuniandikia. Sijui alinyamaza kwa hasira, kwa uchovu au kwa upendo. Wewe pia huenda hujui. Kabla ya bosi kuambiwa lolote, pengine yeye ndiye wa kuulizwa: hii miaka mitatu imekuwaje kwako?

Kama anataka, na kama daktari hana neno, jaribuni Jumapili moja, saa tisa alasiri, wakati mikahawa iko tupu. Kuleni kidogo nyumbani mchana. Mwende mahali ambapo, mkizidiwa, Donholm si mbali. Piga simu asubuhi. Ukifika, uliza choo kilipo kabla hujakaa, bila kunong'ona, kama mtu anavyouliza pa kuegesha gari. Agiza kitu kidogo. Tumbo likikamata, mtu atakayekuwa mbele yako anajua kila kitu tayari, huna cha kuficha wala kueleza. Ukishindwa katikati, malizieni nyumbani, hakuna mkataba utakaoharibika.

Mwisho wa mwezi haujafika. Ukishamjibu bosi, jibu lolote lile, niandikie. Na unijulishe Jumapili hiyo mkeo aliagiza nini, na kama safari hii samaki mlimmalizia palepale mezani.

Wako,
Shangazi